Uzi wa Layla ya Derek and the Dominos: matoleo ya maadhimisho, lipi ni lipi, na lipi linastahili pesa yako

Santuri33 (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila mtu akiuliza humu "ninunue Layla ipi", anapewa majibu kumi yasiyofanana, kwa sababu kila anayejibu ana toleo lake kichwani na hasemi ni lipi. Naomba tuliweke sawa mara moja.

Albamu ni moja: Layla and Other Assorted Love Songs ya bendi ya rock Derek and the Dominos, santuri mbili, nyimbo 14, ilitoka Novemba 1970. Imeadhimishwa mara tatu kubwa. 1990 lilitoka sanduku la CD tatu la miaka 20, likaitwa The Layla Sessions. 2011 likaja la miaka 40 (ndiyo, hesabu yao hiyo). Novemba 2020 likaja la miaka 50, santuri nne. Watu wanadhani ni bidhaa moja iliyobadilishiwa kasha. Sivyo kabisa.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili mnirushie mawe vizuri: la 1990 si Layla. Ni albamu nyingine iliyotengenezwa kutoka tepu zilezile. Kama hujawahi kuisikia Layla, usianzie hapo, hata kama sauti yake ni safi zaidi. Na ni safi zaidi kweli, sibishi.

Kwanza tujue kilichorekodiwa ni nini, maana bila hapo ubishi wa matoleo hauna maana.

Eric Clapton alikuwa amechoka kuitwa mungu wa gitaa. Akajificha nyuma ya jina la Derek, akachukua wenzake watatu waliokuwa wakipiga pamoja kwenye bendi ya Delaney na Bonnie: Bobby Whitlock kwenye kinanda na sauti, Carl Radle kwenye besi, Jim Gordon kwenye ngoma. Hao hao walishampigia George Harrison kwenye All Things Must Pass. Mwishoni mwa Agosti 1970 wakaingia studio za Criteria, Miami, chini ya mtayarishaji Tom Dowd. Huyu Dowd ujanani mwake alifanya kazi ya fizikia kwenye mradi wa bomu la atomiki wa Marekani, kisha akaenda kampuni ya Atlantic kurekodi akina Ray Charles na Coltrane. Mtu wa hesabu aliyegeuka kuwa sikio.

Siku za kwanza mambo yalikwenda taratibu. Dowd alikuwa pia anatengeneza albamu ya Allman Brothers. Bendi hiyo ikaja kupiga Miami, Dowd akawapeleka Dominos kuangalia, wakaketishwa chini mbele kabisa ya jukwaa. Duane Allman, mpiga gitaa wao, alikuwa katikati ya solo, macho amefumba. Anafumbua, anamwona Clapton yuko miguuni pake. Mkono ukaganda. Dickey Betts, mpiga gitaa mwenzake, ikabidi aidake solo, naye alipoona kilichomgandisha mwenzake akageuka akaipa hadhira mgongo.

Usiku huohuo wote wakaenda studio na kukesha wakipiga. Duane alikuja kutazama tu, akaishia kupiga kwenye nyimbo 11 kati ya 14.

Ukitaka kuthibitisha kwa masikio yako: weka upande wa kwanza. I Looked Away, Bell Bottom Blues, Keep on Growing, zote tatu hayumo. Gitaa zote unazosikia hapo ni Clapton. Kisha unaingia Nobody Knows You When You're Down and Out, ule wa Jimmy Cox ambao Bessie Smith aliuimba 1929, na ghafla chumba kina mtu wa tano. Clapton anaimba kama mtu aliyepata wa kumjibu. Mimi huwa nawaambia watu wasiruke nyimbo tatu za kwanza kwa sababu hiyo tu.

Nikipata nafasi jioni naendelea na suala la mchanganyo, yaani jinsi vyombo vilivyopangwa kusikika pamoja.

Besi Nne

Nimeweka kigoda hapa, endelea mkuu.

FundiSpika

Mleta uzi, kuna kitu unakikwepa. Mchanganyo wa 1970 ni tope. Nimeusikiliza kwenye spika nzuri na kwenye spika mbovu, ngoma ziko kama zimefunikwa blanketi na sauti ya Whitlock inapigania hewa. 1990 walichofanya ni kuondoa blanketi. Kosa liko wapi?

Santuri33

Hilo la blanketi nalikubali. Lakini tofautisha vitu viwili ambavyo kwenye kasha vinaandikwa kwa herufi ndogo, na watu wengi wananunua bila kusoma.

Kurimasta ni kuchukua tepu ya mwisho, ile ambayo tayari vyombo vyote vimeshachanganywa na wenyewe wakaridhika, ukaisafisha, ukaipangia sauti za juu na za chini, ukaihamishia kwenye CD au santuri. Uwiano wa gitaa na ngoma haubadiliki. Kuchanganya upya ni kurudi nyuma zaidi, kwenye tepu yenye kila chombo mahali pake, ukaamua wewe nani asikike zaidi, nani asogezwe kushoto, nani apewe mwangwi. Hapo si usafi tena. Hayo ni maamuzi.

2011 na 2020 ni mchanganyo wa zamani uliosafishwa. 1990 walichanganya upya, na aliyekaa kwenye meza hakuwa Dowd.

Chukua wimbo wenyewe wa Layla. Dowd alieleza kwamba kuna treki sita za gitaa zimelaliana: moja ya Clapton ya kushikilia mdundo, tatu zake za ule mpigo wa kufungulia zikipishana kwa sauti, moja ya Duane akitelezesha kwenye nyuzi, na moja wanayopiga wote wawili wakijibizana. Kwenye filamu ya maisha yake, Tom Dowd & the Language of Music, utamwona amezeeka, ameketi mbele ya meza, anapandisha kitufe kimoja anashusha kingine, na kila gitaa linajitokeza peke yake. Ni dakika chache tu lakini zinafaa kuliko vitabu. Zile gitaa sita zilipangwa ZISITENGANISHIKE. Ukisikiliza 1970 huwezi kusema kwa uhakika huyu ni Eric na huyu ni Duane. Mchanganyo wa 1990 unakupa nafasi ya kuwahesabu mmoja mmoja. Raha kwa fundi. Kwa wimbo wa mtu anayelia kwa mke wa rafiki yake, mimi nataka fujo ile ile.

Halafu ngoma. Sikiliza ule mwangwi waliompa Jim Gordon. Huo si wa Miami 1970, huo ni wa miaka ya themanini.

NyuziSita

Hapo kwenye gitaa niongeze, maana mimi ndilo eneo langu. Msishangae sauti kuwa nzito na ya karibu namna ile. Hawakutumia zile amplifaya za ukubwa wa kabati. Walirekodi na Fender ndogo za mazoezi, Champ, kitu unachokibeba mkono mmoja. Amplifaya ndogo ukiipandisha hadi mwisho inalia kwa uchungu bila kubomoa ukuta, na maikrofoni inaweza kukaa karibu.

Gitaa la Clapton ni ile Stratocaster ya 1956 aliyoiita Brownie, imo hata kwenye picha za jalada la nyuma. Iliuzwa mnada 1999 kwa karibu dola nusu milioni, fedha ikaenda kwenye kituo chake cha kutibu waraibu. Duane alikuwa na Les Paul ya dhahabu ya 1957, na hiyo nayo 2019 ilinunuliwa kwa dola milioni 1.25. Chombo chake cha kutelezesha kwenye nyuzi? Chupa tupu ya kioo ya vidonge vya mafua, Coricidin, ameivika kidoleni. Zile sauti za ndege mwishoni mwa Layla ni yeye na chupa yake, amepanda juu kupita mahali ambapo gitaa lina vituo.

Na ule mpigo wa kufungulia ambao kila kijana dukani anaujaribu: ulitoka kwenye blues. Duane alichukua mstari wa kwanza anaouimba Albert King kwenye As the Years Go Passing By, ambao ni wa polepole, wa huzuni, akaukimbiza. Kaa chini ucheze zote mbili, utaona ndugu hao.

MkaaPwani

Nanyi mnazungumza gitaa tu, hamjagusa Laila mwenyewe.

Hiki kisa sisi tumekikuta kwa wazee kabla ya gitaa la umeme. Qays bin al-Mulawwah wa Banu Amir, kampenda Laila, babake kakataa, Qays kapoteza akili akaenda kuishi jangwani na wanyama, ndiyo akaitwa Majnun. Waarabu walikuwa nacho karne nyingi, kisha Nizami wa Ganja akakitunga kwa Kifarsi mwaka 1188. Clapton alipewa kitabu na rafiki yake Ian Dallas, mwandishi wa tamthilia wa Kiskoti aliyekuja kusilimu na kujulikana kama Sheikh Abdalqadir as-Sufi. Alifariki Cape Town 2021.

Tazameni majina ya watunzi kwenye albamu. I Am Yours umeandikwa Clapton na Nizami. Mshairi aliyekufa zaidi ya miaka mia saba kabla ana haki ya utunzi kwenye santuri ya rock!

Ila niwaambie, Clapton alichukua nusu ya kisa. Majnun wa Nizami hampati Laila, na mwisho hata hamtaki tena kwa mwili, penzi limeshakuwa kitu kingine. Wa Miami alikuwa anamwomba mke wa mtu aje. Pattie Boyd alikuwa mke wa George Harrison wakati huo, Clapton akamwoa 1979 na wakaachana 1989. Majnun hakutoa talaka.

Santuri33

MkaaPwani umeniua na hiyo ya talaka 😂

Basi niendelee na sanduku lenyewe la 1990, maana nimelisema vibaya na lina haki yake. CD ya kwanza ndiyo mchanganyo mpya, nimeshasema. CD ya pili na ya tatu ndizo sababu ya kulitafuta. Ya pili ni kupiga bila mpango tu, vipande virefu wameviita Jam na namba. Kimoja wamo vijana wa Allman Brothers, usiku ule wa kwanza. Si muziki wa kuweka wageni wakija. Kuna dakika nyingi ambazo hakuna kinachotokea, watu wanazunguka gogo moja wanatafutana. Kisha unasikia wameshikana, na unajua saa hiyo ndipo bendi ilipozaliwa upya. Ya tatu ina majaribio ya nyimbo za albamu, na ina Mean Old World, Clapton na Duane wakipiga pamoja. Kwa mpenzi wa blues huo wimbo mmoja ni kama albamu ndogo.

La 2011 ni mnyama mwingine. Lile kubwa lina CD nne, DVD yenye sauti ya kuzunguka, santuri mbili, kitabu, na jalada linalosimama ukilifungua kama vitabu vya watoto. (Sijui nani aliomba hilo.) Albamu imesafishwa vizuri, mchanganyo ni wa 1970. Ziada zake: onyesho lao kwenye televisheni ya Johnny Cash Novemba 1970, wanapiga Matchbox pamoja na Cash na Carl Perkins, wimbo wa Tell the Truth waliorekodi kwanza na mtayarishaji Phil Spector, ukiwa umekimbizwa mno, tamasha lao la ukumbi wa Fillmore, na mabaki ya albamu ya pili waliyoianza London 1971 wakavunjika Mei bila kuimaliza. Whitlock aliitwa akamalizia sehemu zake kwenye Got to Get Better in a Little While, miaka 40 baadaye. Mimi hapo nilinuna kidogo, ila wengine wanaupenda.

Lakini zile Jam za 1990 karibu zote hazimo. Ndiyo maana mtu mwenye 2011 bado anatafuta 1990, na wenye maduka wanajua.

Besi Nne

Swali la mjinga: kwa nini Key to the Highway inaanza katikati, sauti inapanda taratibu kama mtu amechelewa kuwasha redio? Nilidhani santuri yangu ina kasoro.

Santuri33

Si santuri yako mkuu. Studio ya jirani, Sam Samudio, yule wa bendi ya Sam the Sham, alikuwa anarekodi wimbo huohuo wa Big Bill Broonzy. Dominos wakausikia kupitia ukutani, wakaanza kuupiga kwa kujifurahisha. Dowd alikuwa nje ya chumba cha mitambo, na tepu haizunguki. Akaja mbio akifoka mashine iwashwe. Kilichopatikana ndicho hicho, dakika tisa na ushee, mwanzo wake umepotea hewani. Hakuna toleo la maadhimisho litakalokuletea mwanzo huo, hata wakiadhimisha miaka mia.

FundiSpika

Haya, tuje kwa la 2020. Hapa natetea. Limekatwa studio za Abbey Road na fundi Miles Showell kwa nusu mwendo. Kwa wasiojua: tepu inazungushwa nusu ya kasi na mashine ya kukata santuri nayo nusu ya kasi, yaani 33⅓ inakuwa 16⅔. Kila sauti inashuka hadi nusu ya mitetemo yake, kwa hiyo zile kali za juu kama matoazi na "s" za muimbaji, ambazo sindano ya kukatia huzihangaikia, inazipata kwa utulivu. Ukiicheza nyumbani kwa kasi ya kawaida kila kitu kinarudi mahali pake.

Matokeo: matoazi ya Jim Gordon kwenye Why Does Love Got to Be So Sad, zamani yalikuwa kama mchanga unamwagwa, sasa unasikia shaba. Mchanganyo ni uleule. Kwa hiyo blanketi ninalolalamikia liko palepale, ila limefuliwa.

NyuziSita

"Limefuliwa" 😄 nakubali.

Na ukijaribu kupiga piano pamoja na ile sehemu ya mwisho ya Layla usihangaike kutafuta funguo. Haipo. Walipochanganya waliongeza kasi ya tepu, kwa hiyo imekaa kati ya C na C kali. Rafiki yangu mpiga kinanda kanisani alidhani kinanda chake kimekufa.

MkaaPwani

Hiyo piano aliitunga nani? Jalada linasema Gordon.

Santuri33

Jalada linasema Clapton na Gordon, na matoleo yote ya maadhimisho yamenakili vilevile. Hapo ndipo sanduku zuri lingefanya kazi yake, na halikufanya. Mwimbaji Rita Coolidge ameandika kwenye kitabu chake cha 2016 kwamba yeye na Gordon, walipokuwa wapenzi, walitunga wimbo uitwao Time, na kile kipande kilitoka humo. Whitlock naye alisema hivyohivyo kwa miaka, kwamba ni wa Rita. Na Time upo, dada yake Priscilla aliutoa na mumewe Booker T. Jones 1973. Sikiliza uhukumu mwenyewe. Mimi nikiusikia sina shaka.

Nizami wa karne ya kumi na mbili kaandikwa, Rita aliyekuwa hai hakuandikwa.

Besi Nne

Daah. Na Gordon mwenyewe?

Santuri33

Habari mbaya. Alikuwa mgonjwa wa akili bila tiba ya maana, 1983 akamuua mama yake, akafia chini ya ulinzi 2023. Duane alishatangulia, pikipiki, Macon, 29 Oktoba 1971, miaka 24. Hakutimiza hata mwaka mmoja tangu albamu itoke. Radle 1980. Whitlock alituacha Agosti 2025. Waliobaki wa Dominos ni mmoja.

Na wakati inatoka haikuuza kama walivyotarajia. Jalada la mbele lina mchoro wa msichana wa Frandsen de Schomberg, hakuna neno hata moja, si jina la bendi wala la albamu. Kampuni ikabidi igawe beji za kusema Derek ni Eric. Uingereza haikuingia hata kwenye chati. Wimbo wa Layla waliukata piano yote ukatoka mfupi 1971, ukaanguka. 1972 wakautoa mzima, ukafika namba 10 Marekani na namba 7 Uingereza.

MpitaNjia

Uzi mzuri ila mrefu. Mimi nina pesa ya kununua kimoja tu na sina mashine ya santuri. Nichukue nini?

Santuri33

CD ya 2011, ile ndogo ya CD mbili, si sanduku. Dakika 77 za albamu kwenye ya kwanza, mchanganyo sahihi, na ya pili ina Mean Old World na Johnny Cash. Ukikuta The Layla Sessions ya 1990 kwa bei ya mtumba ichukue pia, ila anza na CD ya tatu, ya kwanza iache hadi uwe umeizoea ya zamani.

Ukifika Thorn Tree in the Garden mwishoni, punguza kelele nyumbani. Waliketi duara wote kuizunguka maikrofoni, Whitlock anaimba, wakarekodi kwa pamoja.

FundiSpika

Mpe ushauri kamili basi: akague kasha kabla ya kulipa. Kama nyuma limeandikwa "remixed" ni damu ya 1990 hata kama muuzaji amebandika stika ya "original". Nimeshauziwa hivyo.

MpitaNjia

Sawa wakuu. Duka nililoliona lina ya 1996, imeandikwa The Remasters. Hiyo ni ipi?

Santuri33

Mchanganyo wa 1970, imerimastiwa, haina ziada yoyote. Kama bei ni nusu ya ile ya 2011, chukua hiyo. Kama zinakaribiana, subiri.